Kitufe Kimefika Kama Nini, na Nani Amekidaka? Hotuba kuhusu kielekezi kisichosikia

Mabibi na mabwana, wenzangu wa kibodi, asanteni kwa kuja. Nimeombwa nizungumzie jambo ambalo wengi huliona dogo mpaka siku linapowafika: kielekezi, ile alama ya mahali unapoandika ndani ya kihariri cha maandishi, kinachokataa kwenda unakokipeleka. Unabonyeza mshale wa juu, na badala ya kupanda mstari mmoja inachapwa herufi A. Uko kwenye Vim, kihariri ambamo j baada ya Esc hushusha kielekezi; unabonyeza Esc kisha j ili ushuke, na mstari mzima unahama na kuzama chini ya mwenzake. Unahifadhi faili, kielekezi kinasogea hatua moja kulia bila kutumwa. Unaandika j katikati ya neno, inaganda pale kwa kitambo, kisha mambo yanaendelea kana kwamba hapakuwa na neno.

Kinachofuata karibu kila mara ni kilekile. Mtu anafungua faili la mipangilio, anatafuta mtandaoni mstari wa tiba, anaubandika, anafunga na kufungua. Haukusaidia. Anabandika wa pili bila kuufuta wa kwanza. Baada ya jioni moja ya namna hiyo tatizo lililokuwa moja limekuwa matatu, na kila moja linamficha mwenzake.

Msimamo wangu ni huu, na nitaurudia mpaka mnichoke: usiguse faili la mipangilio kabla hujajibu maswali mawili. Kitufe kimefika kama nini? Na kilipofika, nani amekidaka?

Tuanze na safari yenyewe, maana wengi hudhani kitufe hutoka kidoleni na kutua moja kwa moja ndani ya kihariri. Sivyo. Kinapita kwanza kwenye kibodi, ambayo siku hizi inaweza kuwa na programu yake ndani inayobadilisha vitufe kabla kompyuta haijajua lolote. Kisha mfumo endeshi, wenye mpangilio wa lugha na njia zake za mkato. Kisha kidirisha cha terminali, kile cha kuandikia amri, kama unafanya kazi humo. Kisha pengine tmux, programu inayogawa terminali moja iwe kadhaa. Kisha pengine ssh, njia ya kuingia mashine nyingine kupitia mtandao. Hapo ndipo kihariri, na ndani ya kihariri programu-jalizi, yaani viongezo, zinazogombania vitufe vilevile. Kila mmoja njiani ana uwezo wa kukizuia kitufe, kukigeuza, au kukitumia kwa kazi yake mwenyewe.

Mfano ulio wazi kabisa ni Ctrl pamoja na mshale wa kushoto kwenye Mac. Kwa kawaida macOS hukichukua kwa ajili ya kuhama kutoka uwanja mmoja wa madirisha kwenda mwingine. Mtu anakaa na faili lake la Vim akilipindua juu chini, akishangaa kwa nini mstari alioandika hauna nguvu. Mstari hauna kosa. Kitufe hakikufika, ndiyo maana.

Utajuaje kama kimefika? Kwenye terminali andika amri hii:

`cat -v`

kisha bonyeza kitufe unachokishuku. Mshale wa kushoto utakuonyesha `^[[D`. Alama hiyo ya `^[` ndiyo Esc, baiti yenye namba 27. Mshale wa juu unaishia na A, wa chini B, wa kulia C, wa kushoto D. Sasa mnaona zile herufi nne zinatoka wapi. Kihariri kisipoitambua misimbo hiyo kwa ukamilifu, kinachukua Esc kama Esc, kinapuuza au kutekeleza kilicho katikati, kisha kinachapa ile herufi ya mwisho mbele ya macho yako. Hakuna kirusi, na kibodi yako haijafa.

Ukibonyeza Ctrl pamoja na mshale wa kushoto, terminali nyingi hutuma `^[[1;5D`. Ile 5 ina maana ya Ctrl. Ingekuwa Shift ungeona 2, na Alt 3. Kwa hiyo aliyewahi kuona `;5D` ikidondoka katikati ya sentensi yake ameshapata nusu ya jibu: kitufe kimefika salama, ila anayekipokea hajafundishwa kukisoma. Na kama `cat -v` haionyeshi chochote, basi kuna mtu wa juu aliyekula. Toka kwenye kihariri, nenda kwenye mipangilio ya mfumo au ya terminali. Wenye tmux wafanye jaribio hili mara mbili, nje yake na ndani yake, walinganishe. Majibu yakitofautiana, mshukiwa mmejionea wenyewe.

Kuna jambo moja la terminali ambalo lisipoeleweka, mengine yote yataonekana uchawi. Kwa kawaida terminali haitumi vitufe. Inatuma baiti. Na baiti hizo zilipangwa wakati ambapo nafasi ilibanwa, hivyo baadhi ya vitufe vinashiriki namba moja. Tab na Ctrl-I vyote ni 9. Enter na Ctrl-M vyote ni 13. Esc na Ctrl-[ vyote ni 27. Ukikipangia Tab kazi mpya katika modi ya kawaida ya Vim, ile ambayo herufi ni amri badala ya maandishi, umekigusa na Ctrl-I, ambacho kazi yake ni kukurudisha mbele kwenye orodha ya mahali ulipopita. Siku moja utarudi nyuma kwa Ctrl-O, utataka kwenda mbele tena, na kielekezi kitafanya kitu kingine kabisa. Aliyepanga Ctrl-M ameivuruga Enter. Zipo terminali mpya zinazoweza kutuma taarifa kamili zaidi na kutofautisha vitufe hivi, lakini pande zote mbili lazima zikubaliane, yaani terminali na kihariri, na ukiwa na tmux katikati, nayo pia.

Sasa tuje kwenye Esc, maana hapa ndipo penye uhondo.

Esc ni kitufe kamili. Lakini pia ni mwanzo wa kila msimbo wa mshale. Kihariri kinapopokea baiti 27 hakijui kama umebonyeza Esc au kama huo ni mwanzo wa mshale ambao baiti zake nyingine ziko njiani. Njia pekee ya kujua ni kusubiri kidogo. Kwa hiyo ndani ya Vim kuna saa mbili. Moja inaitwa `timeoutlen`, nayo kwa kawaida ni milisekunde 1000, sekunde nzima. Hiyo ni ya kusubiri vitufe ulivyovipanga wewe. Ya pili ni `ttimeoutlen`, ya kusubiri misimbo ya terminali. Vim ya siku hizi ikifunguliwa bila faili lako la mipangilio huweka hiyo ya pili kuwa 100, na Neovim, ndugu yake mpya, huweka 50. Lakini ukiwa na faili lako mwenyewe la vimrc, mipangilio ile ya kuanzia hairithiwi isipokuwa uiite, na `ttimeoutlen` inabaki hasi moja, maana yake inaifuata ile ya sekunde nzima. Hapo ndipo watu husema Vim yao ni nzito ukibonyeza Esc. Si nzito. Inasubiri kama ilivyoambiwa. Weka:

`set ttimeout ttimeoutlen=50`

na wengi wenu mtapona kwa hilo tu. Kama mko ndani ya tmux, tazameni pia `escape-time`. Kwa miaka mingi ilikuwa nusu sekunde kwa kawaida yake, na mashine nyingi bado zina toleo la zamani.

Sasa fikirini mtu aliyeandika hivi:

`nnoremap <Esc> :nohlsearch<CR>`

Nia yake njema: akibonyeza Esc, rangi za utafutaji zipotee. Lakini ndani ya terminali amekipangia kazi mlango ambao mishale yote hupitia. Kuna hali ambapo Vim itadaka Esc ya mshale, itekeleze amri yake, halafu `[` na A zilizobaki zichukuliwe kama vitufe vya kawaida. A kubwa katika modi ya kawaida ni kuingia kuandika mwishoni mwa mstari. Na mishale haiko peke yake: Vim inapofunguka huiuliza terminali ni ya aina gani, na jibu la terminali nalo huanza na Esc. Ndiyo maana wapo wanaofungua kihariri na kukikuta kimeshaanza kazi ambayo hakuna aliyeitaka. Ushauri wangu ni mkavu: Esc iacheni katika modi ya kawaida. Zipo herufi nyingine.

Upo na ugonjwa wa pili wa Esc, ambao mimi nauona ndio wenye hila zaidi. Katika terminali nyingi, Alt pamoja na j hutumwa kama Esc ikifuatwa na j. Baiti mbili. Na mkusanyiko mwingi wa mipangilio iliyo tayari umekipa Alt-j kazi ya kushusha mstari mzima. Sasa wewe umemaliza kuandika, unabonyeza Esc kutoka, na kwa sababu una mkono mwepesi, j inafuata papo hapo. Kihariri kinaona baiti zilezile za Alt-j. Mstari unahama. Ukienda taratibu halitokei. Ukienda haraka linatokea. Mgonjwa wa namna hii hulaumu vidole vyake. Dawa ni mbili: punguza `ttimeoutlen`, au ondoa kazi ya Alt-j na Alt-k. Mimi ningeondoa, kwa sababu kwenye ssh yenye mtandao wa kusuasua hakuna namba ya milisekunde inayofaa kila siku.

Ile j inayoganda katikati ya neno nayo ni ya jamii hiyo. Wengi wenu mmeandika `inoremap jk <Esc>` ili mtoke modi ya kuandika bila kunyoosha kidole. Vizuri. Lakini kila mnapoandika j, kihariri sharti kisubiri kuona kama k inakuja. Inaonyeshwa, ila kielekezi kimekaa juu yake badala ya kuivuka. Anayeandika Kiswahili hukutana na j kila baada ya maneno machache, basi nashauri mchague jozi isiyoanza na herufi tunayoitumia sana. Jozi ya kuanzia na q, kwa mfano, haimsumbui mtu.

Basi, tuseme kitufe kimefika. Swali la pili: nani amekidaka?

Ndani ya Vim na Neovim jibu liko umbali wa amri moja, na nashangaa jinsi lisivyojulikana:

`:verbose nmap j`

Badilisha `nmap` iwe `imap` kwa modi ya kuandika, na j iwe `<Left>` au kitufe chochote. Utaambiwa j imepangiwa nini, na chini yake faili lililofanya hivyo, na mara nyingi hata namba ya mstari. Ukiona alama ya `@` kwenye orodha, ujue mpangilio huo ni wa faili hilo lililofunguliwa tu. Hiyo hueleza yale malalamiko ya kusema kielekezi kinasumbua kwenye mafaili ya aina fulani na kwingine ni shwari: kuna programu-jalizi ya aina hiyo ya faili iliyojipangia vitufe. Na ukiambiwa hakuna mpangilio uliopatikana, basi acha kutafuta mpangilio.

Kwenye Emacs, kihariri kingine, bonyeza `C-h k` (C- ni Ctrl) kisha kitufe chako, utaambiwa kinaita nini. Na `C-h l` hukuonyesha vitufe vya mwisho mia kadhaa ambavyo Emacs imevipokea kweli, hivyo inajibu maswali yetu yote mawili kwa wakati mmoja. Wenye Emacs hulalamika zaidi kwamba wamepanga kitufe kwa `global-set-key` na hakibadiliki. Sababu ni ngazi: modi ndogo, yaani nyongeza unazowasha, zina kauli kuliko modi kuu ya aina ya faili, na modi kuu ina kauli kuliko mpangilio wa jumla. Wewe umeandika kwenye ngazi ya chini kabisa.

VS Code, kihariri cha tatu, ina amri ya kuchunguza njia za mkato. Fungua orodha ya amri na utafute `Toggle Keyboard Shortcuts Troubleshooting`, kisha bonyeza kitufe na usome kinachoandikwa. Kosa ninaloliona huko ni mtu kuupa mshale wa juu amri ya `cursorUp` ndani ya keybindings.json, faili lake la kupangia vitufe, bila sharti la `when`. Kanuni husomwa kutoka chini kwenda juu, na za kwako huwa chini, kwa hiyo ya kwako inashinda zote. Orodha ya mapendekezo ikifunguka, mshale haupandi tena ndani ya orodha. Kielekezi kinatoroka kwenye mstari wa juu na orodha inafungwa. Ukimkuta mwenzako anasema mapendekezo yameharibika, angalia hapo kwanza.

Sasa makosa yaliyomo ndani ya mstari wenyewe. Lipo moja ambalo halionekani kwa macho: nafasi tupu mwishoni. Tazameni huu:

`nnoremap <F2> :w<CR> `

Baada ya alama ya mwisho kuna nafasi moja. Katika modi ya kawaida ya Vim, nafasi ni amri ya kusogea kulia. Basi kila unapohifadhi, kielekezi kinatembea. Ukiwa mwisho wa mstari kinavuka na kushuka mstari unaofuata. Faili haliharibiki, ujumbe wa kosa hautokei, na mtu anaweza kuishi nalo muda mrefu akidhani ndivyo Vim ilivyo. Baya zaidi ni maelezo yaliyowekwa kwenye mstari huohuo. Mtu anaandika `"hifadhi` mbele ya mpangilio akidhani Vim itaruka maneno hayo. Hairuki. Itasoma `"h` kama kuchagua rejista ya h, yaani ghala la maandishi yaliyonakiliwa, itasoma i kama kuingia modi ya kuandika, kisha itachapa `fadhi` ndani ya faili lako. Maelezo yawekwe mstari wa juu, peke yake.

Kuhusu `map`, inayofuata mipangilio mingine, na `noremap`, isiyoifuata, nitapita haraka, maana mmeshayasikia. Ukiandika `nmap j k` na `nmap k j` zitafukuzana mpaka Vim ichoke baada ya hatua 1000 na kutoa kosa E223. Hilo angalau linapiga kelele. Lenye madhara ni lile la kimya, ambapo `nmap` yako inapita juu ya k ambayo programu-jalizi imeshaigeuza. Tumia `nnoremap` isipokuwa una sababu unayoweza kuitaja.

Mstari maarufu kuliko yote ni wa kuifanya j ishuke kwa mstari unaoonekana kwenye skrini badala ya mstari wa faili, kwa kuipa kazi ya `gj`. Ni wazo zuri kwa wanaoandika aya ndefu. Lakini ukiandika kwa `noremap`, umeigusa pia ile modi ya kusubiri baada ya d (kufuta) au y (kunakili). `dj` ilikuwa inafuta mistari miwili mizima. Sasa inakata kutoka kielekezi kilipo hadi chini yake. Na ukiwa unahesabu, `5j` itahesabu mistari ya skrini wakati namba za pembeni zinahesabu ya faili, utatua pasipo mahali pake. Mstari unaokwepa yote mawili ni huu:

`nnoremap <expr> j v:count ? 'j' : 'gj'`

Na kwa wale waliokopi mipangilio ya mtu mwingine wakakuta mishale haifanyi kazi kabisa: tafuteni neno `<Nop>`. Ipo desturi ya kuizima mishale kwa makusudi ili mwanafunzi azoee h, j, k, l, herufi za kusogeza kielekezi katika modi ya kawaida. Mimi sioni faida ya kumwadhibu mtu kwenye kompyuta yake mwenyewe, lakini desturi ipo, na husafiri kutoka faili hadi faili bila maelezo.

Kabla ya kumlaumu mtu, jueni pia yasiyo makosa. Ukitoka modi ya kuandika kwa Esc, kielekezi kurudi hatua moja kushoto ni tabia ya vi, babu wa Vim, tangu mwanzo. Kwenye programu za hesabu za majedwali, mishale ikisogeza ukurasa badala ya kisanduku, tazama Scroll Lock.

Ikiwa maswali yote mawili yamejibiwa na bado hujaona, fungua kihariri kikiwa kitupu: `vim --clean`, `nvim --clean`, `emacs -Q`. Kwa VS Code kuna `code --disable-extensions`, ila kumbukeni hiyo huzima viendelezi tu, keybindings.json yenu inabaki kazini. Tatizo likiendelea hata kwenye kitupu, rudini kwenye terminali. Likitoweka, zimeni nusu ya mipangilio, jaribuni, kisha nusu ya nusu iliyobaki na kosa. Mistari 64 huisha kwa hatua sita. Kuna watu husoma mistari yote mmoja mmoja wakiitazama kwa hasira, na ile nafasi tupu ya mwisho inawapita.

Kabla hatujaanza kuna aliyeniuliza: je, nikiwa kwenye seva ya watu, sina ruhusa ya kubadilisha kitu, mishale inachapa A na B, nifanye nini? Mara nyingi hapo umekutana na Vim ndogo iliyowekwa iige vi ya zamani. Andika `:set nocompatible`, na kwa kikao hicho mishale itatulia. Ukifunga, hujaacha alama kwa mwenye seva. Na ikikataa hata hilo, toka modi ya kuandika utumie h, j, k, l. Bill Joy alipoandika vi mwaka 1976 alikuwa kwenye terminali ya ADM-3A, ambayo haikuwa na vitufe vya mshale vya pekee. Mishale ilichorwa juu ya herufi hizo nne. Kila moja ni baiti moja isiyoanza na Esc, kwa hiyo hakuna cha kusubiri wala cha kukatika njiani, hata mtandao ukiwa mbovu kiasi gani. Haya, nani ana swali lingine?